Mke raia wa Kanada, mimi Mbongo, tunaishi Istanbul: uhamiaji wa Kanada wanataka tuthibitishe tumetulia huku NA tunaondoka huku, kwa wakati mmoja!!

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia, na wale wa "fupisha mkuu" pitani tu mbele, leo sifupishi.

Mke wangu ni raia wa Kanada, kazaliwa huko kakulia huko, mimi ni Mtanzania, tulikutana hapa hapa Uturuki na tukaoana hapa, tunakaa nyumba moja Istanbul mwaka wa nne sasa. Yeye mwalimu, mimi niko kwenye mambo ya mizigo. Tukakubaliana tuhamie kwao, anidhamini nipate ukazi wa kudumu. Mimi kichwani kwangu nikasema hili jepesi, ndoa ipo, cheti kipo, tunalala kitanda kimoja, kuna nini tena hapo? Weee.

Kwanza muelewe sheria yenyewe maana watu wengi wanachanganya. Raia wa Kanada anaruhusiwa kumdhamini mwenza wake hata kama yeye mwenyewe anaishi nje, lakini lazima aonyeshe kwamba wewe ukishapata PR (huo ukazi wa kudumu) na yeye atarudi kuishi Kanada. Mwenye PR tu ambaye si raia hana hiyo nafasi kabisa, lazima awe anaishi Kanada ndio akudhamini. Kuna jamaa yangu hapa mkewe ana PR, ilibidi mama wa watu afungashe arudi peke yake ili aanze kumwombea mume, sasa wanaonana kwenye simu, na fomu inawauliza uthibitisho kwamba wana maisha ya pamoja. Maisha ya pamoja yapi na nyie ndio mmewatenganisha??

Haya turudi kwangu. Sehemu ya kwanza ya maombi inataka uonyeshe ndoa ni ya kweli, sio ya makaratasi. Sawa, hilo silipingi, watu wanaoana kwa ajili ya visa wapo na tunawajua. Tukakusanya mikataba ya nyumba miaka yote minne, bili za umeme na maji zenye majina yetu, akaunti ya pamoja, kadi zetu za ikamet (kibali cha kukaa Uturuki) zenye anwani moja, picha (wanataka zisizidi 20, hebu chagua wewe picha 20 za miaka minne uone mtakavyogombana), meseji tulizokuwa tunatumiana kabla hatujahamia pamoja. Kila karatasi ya Kituruki inatafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa na anakulipisha kwa ukurasa, mkataba wa nyumba wenyewe una masharti madogo madogo mpaka nyuma. Fomu inauliza mlikutana vipi, nani aliwatambulisha, harusini walikuwepo nani. Sisi tulifunga manispaa, wageni saba, nikaanza kuona kama nimefanya kosa kutokodi ukumbi.

Yaani sehemu hiyo yote unaonyesha kwamba mmetulia huku, mna mizizi, mna jiko, mna deni la sofa.

Halafu unafungua sehemu ya pili, hiyo ya mdhamini anayeishi nje, inataka kinyume chake. Onyesha kwamba mnaondoka. Barua ya kazi kutoka kwa mwajiri wa Kanada, au barua ya kukubaliwa chuo, au uthibitisho wa nyumba mtakayokaa, na uthibitisho kwamba mnakata mafungamano na nchi mnayoishi. Sasa niambieni wakuu, mwajiri gani atakupa ofa ya kazi kwa tarehe ambayo hata wewe mwenyewe huijui? Mke wangu ana leseni yake ya ualimu ya Ontario, akaandikia shule, swali la kwanza wanalomuuliza ni unaanza lini, anajibu sijui, mume wangu akipata karatasi, inaweza kuwa miezi kumi inaweza kuwa mwaka na nusu. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Nyumba nayo ndio kichekesho, tupange nyumba kule tuilipie ikiwa tupu huku tunalipa ya hapa?

Mama mkwe Mungu ambariki ndio katuokoa, kaandika barua kwa mkono kwamba tukifika tutakaa kwake, chumba cha chini, kapiga na picha ya kitanda. Kitanda kimetandikwa shuka mpya yenye maua. Hiyo picha niliiangalia sana.

Tukatuma Februari 2025. Tulilipa dola za Kanada 85 ya udhamini, 545 ya kushughulikia maombi, 575 ya haki ya ukazi na 85 ya alama za vidole, jumla 1,290, hapo bado daktari, watafsiri na vyeti vya polisi vya kila nchi niliyokaa miezi sita mfululizo ndani ya miaka kumi. Aprili furushi zima limerudi. Kosa? Sahihi moja. MOJA. Fomu ya udhamini kuna mahali mke alitakiwa kusaini, akasaini ukurasa wa juu akasahau wa chini. Hawakusema tumieni huo ukurasa, hapana, yote yamerudi kama hatujawahi kutuma, na zile wiki zote tulizosubiri zimekufa. Mei tukaanza upya.

Agosti shemeji yangu anaoa kule Hamilton. Nikaomba visa ya kutembea wiki mbili tu, nikaambatanisha barua ya kazini, tiketi ya kurudi, kila kitu. Nimenyimwa. Sababu: afisa hajaridhika kwamba nitaondoka Kanada muda ukiisha, kwa kuwa nina familia kule. Jamani!! Kwenye faili moja nadaiwa nithibitishe nitaenda kuishi Kanada, kwenye faili jingine nadaiwa nithibitishe sitaishi Kanada, na majina ni yale yale na pasipoti ni ile ile. Na sheria yao wenyewe inasema mtu kuwa na nia ya kuhamia hakumzuii kuingia kwa muda. Harusi nimeiangalia kwa simu, saa nane usiku, mke yuko kule anashika simu juu nione keki.

Sasa kilichonifanya nifungue huu uzi. Wiki iliyopita imekuja barua kwenye mfumo, wanataka ushahidi zaidi kwamba mke ana nia ya kurudi kuishi Kanada, tumepewa siku 30. Na wiki hiyo hiyo shule anayofundisha imempa mkataba wa mwaka ujao, wanataka sahihi. Akisaini, tumewapa ushahidi kwa mikono yetu kwamba hana mpango wa kuondoka. Asiposaini, Juni mshahara unakata na kibali chake cha kukaa huku kimefungwa kwenye hiyo kazi, na mimi peke yangu siwezi kubeba kodi ya Istanbul ya sasa hivi, wanaokaa huku wanajua.

Wakala tuliyemlipa (hela yangu inaniuma mpaka leo) kamwambia mke asaini halafu tusiutaje huo mkataba. Kwa raha zake! Ukikutwa umedanganya kwenye maombi unafungiwa miaka mitano, yeye atakuwa ameshakula chake. Nimemwambia bwana asante, tumeishia hapo.

Mimi nawaza asaini, halafu tueleze kwenye barua kwamba kuna kifungu cha kuvunja mkataba kwa notisi ya miezi miwili, tukiambatanisha na hicho kifungu chenyewe kimetafsiriwa. Mke anaona itatuponza. Tumenuniana tangu juzi, mkataba uko juu ya friji chini ya sumaku.

Kwa waliopitia njia hii mwenza akiwa raia na mkiishi wote nje: mlituma nini kwenye hiyo ya nia ya kurudi, na je kuna aliyekuwa na mkataba wa kazi unaoendelea akapita? Wale wa "mkuu si ungeoa nyumbani tu" naomba mkae kimya, shule wanataka jibu Ijumaa.