Kubofya kulia kwenye JTable: menyu inafuta mstari usio wake

Swali
Wakuu, jedwali langu la bidhaa (JTable, jedwali la Swing ya Java) linaruhusu kuchagua mistari mingi. Mstari wa 2 ukiwa umechaguliwa, mtu akabofya kulia wa 7, menyu inatokea kwenye 7 lakini "Futa" inaondoa wa 2. Nikalazimisha kubofya kulia kuchague mstari. Sasa akiwa na mistari 10 na kubofya kulia mmojawapo, 9 inaachiwa. Kanuni ni ipi?

Jibu 1
Fuata File Explorer, ile programu ya mafaili ya Windows. Mstari uliobofya kulia haujachaguliwa? Uchague peke yake. Ni mmojawapo wa iliyochaguliwa? Usiguse kitu. Umebofya patupu? Achia yote.

```java
int r = t.rowAtPoint(e.getPoint());
if (r < 0) t.clearSelection();
else if (!t.isRowSelected(r))
    t.setRowSelectionInterval(r, r);
```

Weka na `setFillsViewportHeight(true)`. Bila hiyo jedwali linaishia mstari wa mwisho, na mbofyo wa chini yake haulifikii kabisa, kwa hiyo `r < 0` utaisubiri sana.

Jibu 2
Ongezea: kagua `isPopupTrigger` (inayosema kama mbofyo ni ombi la menyu) kwenye `mousePressed` na `mouseReleased`, zote mbili. Windows hufungua menyu kitufe kinapoachiwa, Mac kinapobonyezwa. Ukiweka upande mmoja tu, kuna mashine ambayo menyu haitatokea, na wewe kwako inafanya kazi vizuri tu. Usitumie `isRightMouseButton` badala yake: kwenye Mac, Control pamoja na kitufe cha kushoto pia ni ombi la menyu.

Aliyeuliza
Shukrani, 10 zinabaki. Ila nikipanga jedwali kwa bei, bado inafuta bidhaa nyingine.

Jibu 1
Hilo si la kipanya, mkuu. `getSelectedRows` inatoa namba za mistari kama inavyoonekana kwenye skrini, modeli (data iliyo nyuma ya jedwali) ina mpangilio wake. Pitisha kila namba kwenye `convertRowIndexToModel` kwanza, zote, kisha futa kuanzia kubwa kushuka. Ukianza na ndogo, zilizobaki zinasogea na namba ulizoshika zinakuwa za uongo.

Jibu 3
Mmesahau kibodi. Shift+F10 nayo hufungua menyu, na hapo hakuna mahali palipobofywa, kwa hiyo msikilizaji wa kipanya (msimbo unaopokea matukio ya kipanya) hatajua lolote. Mimi ningeacha wasikilizaji wote, nikatumia `setComponentPopupMenu` ili Swing ifungue menyu yenyewe, halafu nikaandika upya `getPopupLocation`, inayosema menyu itokee wapi. Tukio la kipanya inalopewa likiwa `null` (yaani halipo), ombi limetoka kwenye kibodi: acha iliyochaguliwa ilivyo, rudisha nukta ndani ya `getCellRect` (mstatili wa seli) ya mstari uliochaguliwa. Lisipokuwa `null`, weka pale ile mistari minne ya msimbo wa Jibu 1 na urudishe `e.getPoint()`. Suala la kubonyeza au kuachia linabaki la Swing yenyewe.

Na kwenye menyu andika "Futa bidhaa 10", si "Futa" tupu.