Msukuma mzima nimekimbizwa na ng'ombe Uingereza, na yule bwana anacheka!

Wakuu, nipo kwenye treni kutoka Moreton-in-Marsh, suruali imekauka tope inasimama yenyewe. Yule mratibu wetu wa matembezi, mnamjua, yule wa "ni mwendo mfupi tu wadau", leo nimemalizana naye.

Tumeanzia Bourton-on-the-Water, vidaraja vya mawe juu ya mto Windrush, safi. Hadi Lower Slaughter sina neno: nyumba rangi ya asali, gurudumu la kinu, nikapiga picha za kumtumia mama. Baada ya hapo ni kufuata mishale ya njano katikati ya mashamba ya watu. Kwetu Shinyanga ukikatiza hivyo unapigiwa mwano, lile yowe la kuita kijiji kizima.

Karibu na Upper Slaughter ananipa kamba ya kijibwa chake: "Nishikie nifunge kiatu." Ng'ombe wakageuka. Wana ndama. Na wale si ng'ombe, ni malori. Nikatoka mbio, nikazama topeni, kiatu kikabaki. Yeye, mbele ya mashemeji na watoto: "Msukuma mzima unakimbia ng'ombe?"

Msukuma. Mzima. Kuna bibi wa Kizungu, Kiswahili hajui hata salamu, naye akacheka.

Kinu cha Upepo: Uzi bila picha ya kiatu ni batili.

Mama Chapati: Pole kaka. Ila kweli, Msukuma mzima?

Mzee wa Ramani: Ng'ombe wenye ndama humfuata mbwa, si wewe. Ungeachia kamba, mbwa angejiokoa mwenyewe.

Mleta uzi: Angesema basi! Ameninyamazia, amefunga kiatu, halafu "Msukuma mzima"!

Mtani Wako: Umeenda kijiji kinaitwa Machinjioni, ulitegemea nini?

Mzee wa Ramani: Slaughter hapo si machinjioni. Ni neno la Kiingereza cha kale, mahali pa matope.

Mtani Wako: Kumbe waliandika mlangoni kabisa, na bado umezama 😂

Shangazi wa Reading: Afadhali wewe. Mimi alinipeleka Bibury kuona Arlington Row, ghala la sufu la karne ya 14. Nusu saa natafuta choo, yeye ananisimulia habari za kondoo.

Kinu cha Upepo: Mwaka jana alitaka tumalize Cotswold Way, ile njia ndefu ya miguu, yote hadi Bath. Kilomita 164! Siku ya kwanza saa nne asubuhi nilikuwa kituo cha basi.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye "Msukuma mzima".

Mama Chapati: Na mchango wa nauli ya basi dogo? Tulitoa wote, tukapanda treni.

Shangazi wa Reading: HAPO SASA.

Mama Chapati: Tukiwa hapo hapo, aliyeondoka na hotipoti langu la bluu tangu Mei arudishe.

Mtani Wako: Mimi ninacho kifuniko tu, dada.