Disiki nne za tera 4 kwa seva ya nyumba: RAID 5, RAIDZ2 ao RAID 10?

studio_nguba
Bandugu, jambo yenu kutoka Bukavu. Niko na kompyuta ya zamani nataka niifanye seva ya nyumba, disiki nne za tera 4. Mutaingia video za ndoa za bakiliya, nyimbo za kwaya na mapicha ya familia, bintu yenye ikipotea hairudi. Nataka kuziunganisha kwa RAID, zikae kama disiki moja na ingine ikikufa data ibaki: RAID 5 inanipa tera 12, RAIDZ2 na RAID 10 zote 8. Umeme wa hapa munaujua. Mungechagua gani?

kadutu_rezo
Tera 12 inavuta macho lakini RAID 5 mi naikataa, na sababu ni huo umeme. Inaandika data na pariti (hesabu ya kurudishia data ya disiki yenye imekufa), sasa umeme ukikatika katikati moja imeandikwa ingine bado, na hautajua kitu mpaka siku disiki inakufa, njo ile pariti ya uongo inatumika kujenga upya. ZFS, programu ya kupanga data yenye RAIDZ2 ni yake, haina hiyo shida juu haifuti ya zamani, inaandika mpya pembeni, ikimaliza njo inahamia kule. Weka RAIDZ2, zikufe mbili zozote, data iko.

yaya_bagira
Mudogo wangu, ku ZFS tuko pamoja, ku RAIDZ2 hapana. Nafasi ni ileile tera 8, basi afadhali pacha mbili mbili kama RAID 10, disiki moja kopi ya ingine. Disiki ikikufa RAIDZ2 inasoma zenye zimebaki na kupiga hesabu upya, pacha inakopi tu kutoka kwa mwenzake. Tera 4 imejaa, kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, ni zaidi ya saa saba, na nani hapa anapata saa saba bila kukatika? Bahati ZFS umeme ukirudi inaendelea penye iliachia. Kisha mwaka kesho akipata franga anaongeza pacha ya tatu. Kuongeza disiki moja mu RAIDZ kumekuja na toleo OpenZFS 2.3 tu, Januari 2025.

mwana_kivu
Na SnapRAID, programu yenye kuweka pariti kwa disiki ya pembeni? Video hazibadilikebadilike, pariti disiki moja, unabaki na tera 12, na zikikufa kupita kiasi unapoteza zile zenye zimekufa tu.

kadutu_rezo
Ni nzuri kwa filamu, lakini pariti inahesabiwa ukiiamuru tu. Video ya ndoa ya leo mchana haina ulinzi mpaka usiku.

Yaya, lakini hesabu ingine usiifiche. Pacha moja ikikufa, mwenzake akifuata, pool yote (disiki zote zenye umeunganisha) imeenda, si nusu. Na disiki mpya hauipati hapa siku ileile, unatuma mutu Kigali ao Dubai, unangoja. Siku zile zote RAIDZ2 inavumilia ingine moja ikufe.

yaya_bagira
Hiyo nakubali. Njo maana mi nilitaka disiki ya tano ikae mu kabati, tayari.

mama_kwaya
Ya tano isikae mu kabati, iende kwa nyumba ingine! Mwizi akibeba seva, radi ikipiga, mutoto akifuta folda, hizo RAID zote hazisaidii hata kidogo. Weka kwanza kwaya na familia, kila juma pili unaipeleka kwa shangazi na kuirudisha. Na weka onduleri, betri ya kushikilia umeme ukikatika, iambie seva ijizime yenyewe betri ikishuka.

studio_nguba
Aksanti sana wote. Franga yangu inafika disiki moja tu zaidi, basi inaenda kwa shangazi, na kama hakuna ya kungojea mu kabati nachukua RAIDZ2.

yaya_bagira
Sawa, hapo iko na maana. Lakini mbele ya kufunga visi soma karatasi ya kila disiki. Mwaka 2020 Western Digital walikubali kama disiki zao WD Red zingine za tera 2 mpaka 6 ni SMR (mistari ya data inapandana), na hizo kujenga upya mu RAIDZ zinakokota sana. Kwa tera 4, modeli WD40EFRX ni sawa, WD40EFAX ni SMR.

studio_nguba
Nimeangalia. Tatu ni EFRX, ya nne EFAX.

yaya_bagira
Hiyo ya nne usiitie mu pool. Peleka kwa shangazi, kwa bakapu inatosha, na ile franga nunua EFRX ingine.