Nimezuiwa uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa: pasi mpya na eVisa ya EUSS, nani ashapitia?

Kutoka: Mama Nabil (wa Leicester, sasa niko Kibokoni)

Asalaam aleikum jamaa wa listi. Naandika nikiwa barazani kwa marehemu mamangu, begi liko pale mlangoni halijafunguliwa kwa sababu leo alfajiri nilikuwa niondoke na sikuondoka. Arubaini tulisoma wiki iliyopita, alhamdulillahi yakapita vizuri. Sasa kufika uwanja wa Moi yule dada wa kaunta akanitaka kadi. Nikamwambia kadi siku hizi hakuna, zilikufa zote mwisho wa 2024, mimi ni EUSS (ule mpango wa makazi Uingereza wa Waulaya na jamaa zao), pre-settled (ruhusa ya muda, settled ndio ya kudumu), mambo yote yako kwa mtandao, ndio hiyo eVisa. Akaingiza pasi kwa mashine ikaja hakuna kitu. Pasi hii ni mpya, ile ya zamani iliisha na nilishaibadilisha kwa akaunti wiki sita nyuma na jibu ni lile lile tu, "tunashughulikia". Nikamtolea share code (nambari ya kuthibitisha ruhusa yangu kwa mtandao) akasema yeye hafungui mambo ya share code, mashine ikikataa imekataa. Ndege ikaenda na tikiti ndio imekufa hivyo.

Swali langu ni moja tu: pasi ya zamani ninayo (imekatwa pembe), nikienda nazo zote mbili mashine itaisoma ile ya zamani? Ama lazima nikae hapa mpaka waunganishe mpya? Nijibiwe na aliyepitia, sio aliyesikia. Mume wangu ananiambia nikate rufaa. Rufaa ya nini, kwani kuna mtu amenikatalia kitu?

---

Kutoka: Zuhura, Birmingham

Poleni kwa msiba dadangu, Mungu amrehemu mama. Na pole kwa hilo jengine pia. Mimi eVisa yangu ilipofunguka mara ya kwanza picha ilikuwa yangu na tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwengine, mtu wa 1961, yaani ghafla nikawa rika la mamangu. Nikapiga simu, nikawekwa muziki dakika arubaini, nikaambiwa niandike kwa fomu, nikaandika, nikajibiwa na mashine. Miezi mitatu. Na kazini wakati huo HR ananiuliza kila Jumatatu, Zuhura vipi. Haya yote yametuletea Brexit. Watu walipanda lile basi jekundu la kampeni ya kutoka, la pauni milioni 350 kwa wiki, wakashuka, na sisi ndio tunalipa nauli mpaka leo.

---

Kutoka: Swaleh, Cardiff

Jamani tusichanganye mambo. eVisa si Brexit, BRP (zile kadi za makazi) zilikuwa zife tu, hata watu wa viza za kazi na masomo yamewakuta. Brexit ni EUSS peke yake. Zuhura wewe hujawahi kuwa EUSS, kwa hivyo kesi yako haimsaidii Mama Nabil hata kidogo.

Mama Nabil, hujasema ulikuwa na BRC (kadi ya jamaa wa Waulaya) au BRP. Kama ni BRC ya zile sheria za zamani za Ulaya haikuwa na maana tena tangu 30 Juni 2021 kwa hivyo huyo dada wa kaunta kukuuliza kadi alikuwa anauliza kitu ambacho hata kingekuwepo kisingekusaidia. Halafu pre-settled yako inaisha lini? Zile zinazokaribia kuisha wanaziongeza wenyewe miaka mitano, kutoka ile kesi ya Disemba 2022 ambapo korti ilisema si halali mtu kupoteza haki yake eti hakuomba mara ya pili. Na usimsikize anayekwambia miezi sita nje inakuharibia hesabu ya settled, hiyo ilibadilika Julai 2025, sasa wanatazama uwe umekaa Uingereza miezi 30 ndani ya 60.

---

Kutoka: Mama Nabil

Ahsante Swaleh lakini sikuuliza lini inaisha. Inaisha mwezi wa tano, imeili ya kuongezwa nimeipata. Nauliza pasi.

Na nilikuwa na BRC ndio, niliingia 2013 kwa mgongo wa mume wangu Mtaliano, mnamjua nyote, yule aliyekuwa Watamu na mambo ya hoteli. Ingekuwa settled kitambo tatizo ni 2018 nilirudi kumuuguza baba, nikakaa miezi kumi na moja, hesabu ikaanza upya, ndio nikapewa hii nusu. Na nitawaambia kitu ambacho mpaka leo nyumbani kwetu ni utani wa uchungu. 2016 mume wangu alikuwa ana miaka kumi na minne Leicester, analipa kodi, anasemesha watu mpira wa Leicester City (na mwaka ule ndio walichukua ligi), na kura ya Brexit hakupewa kwa sababu ni Mtaliano. Mimi mtoto wa Kibokoni nina miaka mitatu tu pale, nikaletewa kadi ya kura mlangoni, kisa Kenya ni Jumuiya ya Madola. Kati ya hao wa Ulaya waliopiga ni Mwairishi, Mmalta na Msaiprasi tu. Akanisindikiza mpaka mlango wa shule akanishikia mwavuli. Nikapiga ya kubaki. Leicester tulishinda kwa tundu la sindano, 51 kwa 49, na nchi ikashindwa kwa mwanya mdogo kama huo upande wa pili, 52 kwa 48. Asubuhi akatengeneza kahawa yake hakusema neno mpaka saa sita.

---

Kutoka: Mzee Bakari, Portsmouth

Mwanangu Mama Nabil, pole sana, mamako nikimjua tangu Kuze, alikuwa mtu wa watu.

Sasa mimi mtanitukana lakini n'shazoea. Nilipiga ya kutoka. Nilikuwa na miaka 66, pasi yangu ya Uingereza tangu enzi za meli, na nilipiga kutoka na sababu nilikuwa nayo. Dadangu alinyimwa viza mara tatu kuja kumwona mjukuu wake. Mara ya tatu walimwandikia ati hawaamini atarudi kwao, mtu ana nyumba Mtongwe na minazi! Na wakati huo huo kijana wa Ulaya anapanda ndege asubuhi, jioni yuko Portsmouth anatafuta chumba. Wakaja watu msikitini, wa rangi yetu, wakatuambia tukitoka huko mlango wa Madola utafunguka. Basi.

---

Kutoka: Zuhura, Birmingham

Na ulifunguka ami?

---

Kutoka: Mzee Bakari, Portsmouth

Ulifunguka. Mpwa wangu alikuja na viza ya kazi ya utunzaji wazee.

---

Kutoka: Zuhura, Birmingham

Ami kwa heshima zote, malizia hadithi maana huyo mpwa wako nafanya naye kazi kampuni moja, simtaji jina. Alikuja mwezi wa nne 2024. Mwezi wa tatu tarehe 11 walikuwa washakataza wa utunzaji kuleta watoto, kwa hivyo wanawe wako Mtongwe na anawaona kwa simu akiwa kwa basi la usiku. Na Julai 2025 huo mlango wa utunzaji wakaufunga kabisa kwa walio nje. Miaka mitatu na ushei ulikuwa wazi, huo ndio mlango mlioahidiwa msikitini. Sisemi kwa ubaya. Nimechoka tu, miaka kama kumi tangu kura na bado kwenye chumba cha chai kazini kuna meza ya waliopiga kutoka na meza ya waliopiga kubaki na mimi nakula chakula changu kwa gari.

---

Kutoka: Fadhili, Dublin

Mimi nawaonea huruma tu. Huku tumetulia. Nikipata uraia mwaka ujao inshallah ni Ulaya nzima, Lisbon, Paris, popote.

---

Kutoka: Swaleh, Cardiff

Fadhili hakuna aliyekuuliza. Na wewe ndiye yule uliyepanda basi Dublin kwenda Belfast kununua simu bila viza ya Uingereza kwa sababu "hakuna mpaka", tukakuchangia wakili.

---

Kutoka: Fadhili, Dublin

Mpaka kweli hakuna. Unapita shamba la ng'ombe, unaona tu maili zimeanza kuandikwa badala ya kilomita, ndio unajua umeingia nchi nyengine. Nani angejua kuna maafisa kwa steji ya basi. Hao Waingereza wenyewe huo mpaka uliwatoa jasho, si mnakumbuka yule mama Theresa May alivyopigwa bungeni Januari 2019, 432 kwa 202, sababu ilikuwa hiyo hiyo Ireland.

---

Kutoka: Mama Nabil

Nakumbuka, tulikuwa tukiangalia bunge kama mechi ya Mashemeji, yule spika anapiga kelele oda oda, mume wangu na kalenda jikoni anakata tarehe. 29 Machi. Ikapita. 12 Aprili. Ikapita. 31 Oktoba. Ikapita. Ilipofika kweli, 31 Januari 2020, alikuwa amelala.

Jamani pasi ya zamani. Kuna aliyejaribu?

---

Kutoka: Mzee Bakari, Portsmouth

Nyinyi muungano kuvunjika mnauona mgeni. Mimi nilikuwa bandarini Kilindini 1977 ilipokufa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Asubuhi una mwajiri mmoja Kenya, Uganda na Tanzania, jioni kila mtu anang'ang'ania kilicho upande wake, behewa, ndege, tishali, mpaka viti. Mpaka wa Tanzania ukafungwa, Lunga Lunga hapapitiki, mpaka 1983. Shangazi yangu Tanga alifariki katikati hapo. Tulikwenda kumzika usiku kwa ngalawa kutoka Vanga, watu wanne, na mmoja wetu alikuwa hajui kuogelea.

---

Kutoka: Swaleh, Cardiff

Sasa ami, samahani. Uliyaona hayo kwa macho yako halafu 2016 ukapiga ya kutoka?

---

Kutoka: Mzee Bakari, Portsmouth

Ndio. Kule walivunja wakubwa, mimi hakuna aliyenijia na karatasi. Huku waliniletea karatasi wakaniuliza wewe Bakari wataka nini. Mara ya kwanza katika maisha yangu serikali kuniuliza jambo kubwa hivyo. Labda nilijibu vibaya. Zuhura, huyo mpwa nilimwambia mimi mwenyewe mwezi uliopita, nikamwomba radhi. Hakusema kitu, alinipakulia wali.

---

Kutoka: Shee, London

Ami Bakari umegusa penyewe. Sisi Mwambao, watu wa ukanda wa pwani, nani alituuliza? Robertson, mjumbe wa Waingereza, alikuja 1961 akasikiliza wazee akaenda zake, Oktoba 1963 wakatia sahihi kule London pwani iwe ya Kenya, kura hatukupiga. Waingereza wanalia na 52 kwa 48, sisi hata hiyo 48 yetu hatukuhesabiwa. Ndio vijana wakaja na Pwani si

---

Kutoka: Msimamizi wa listi

Shee, hapo hapo. Pwani si Kenya, ile kaulimbiu ya kujitenga, ilituvunjia listi hii mara moja, watu kumi na saba walitoka na wawili hawasalimiani mpaka leo hata kwenye harusi. Mada ni eVisa.

---

Kutoka: Zuhura, Birmingham

Mama Nabil, mvua imenyesha huko? Hapa ni giza saa kumi. Nipigie picha ya Ngome jioni, ule ukuta wa upande wa bahari watoto wanapopiga mbizi.

---

Kutoka: Mama Nabil

Mvua hakuna, ni kaskazi, vumbi tu. Mahamri ya kwa Bi Rukia yamepanda bei tena na yamekuwa madogo. Picha nitatuma. Kesho naenda tena uwanja na pasi mbili, share code nimeichapisha kwa rangi, na kila imeili waliyoniletea, liwalo na liwe. Kama kuna mwenye jibu ni kabla ya saa tisa usiku.

---

Kutoka: Mzee Bakari, Portsmouth

Mwanangu ukivuka, niletee ng'onda kidogo, na embe ngowe mbili tatu.

---

Kutoka: Fadhili, Dublin

Ng'onda watamnyang'anya hapo Heathrow.

---

Kutoka: Swaleh, Cardiff

Hawanyang'anyi. Samaki ni ruhusa kilo 20 kwa mtu, aliyetolewa matumbo, na ng'onda ametolewa. Nyama na maziwa ndio hawataki. Embe ndilo la kuulizia kwanza kama lataka cheti cha mimea. Nazi aje nazo, hazihitaji cheti. Kabla hujaandika, Fadhili, uwe unasoma.