Siku tatu San Sebastián na sili nguruwe: nitakula kama wenyeji?

BintiMkunazini: Asalaam aleikum, habari zenu wakuu. Naishi Toulouse, Ufaransa, mwaka wa nne sasa. Mwezi ujao nina kazi ya siku tatu San Sebastián, kaskazini mwa Hispania, kule kwa Wabaski, wenyewe wanapaita Donostia. Kila ninayemwambia anameza mate. Sasa mimi sili nguruwe, sinywi pombe, na kila picha ninayoiona ni mapaja ya nguruwe yananing'inia juu ya kaunta. Kebabu siku tatu sitaki. Wenyeji wanakulaje, na mimi naponea wapi?

BahariaMstaafu: Waaleikum salaam dada. Pale ni pwani, samaki tele, usihofu. Jua kwanza utaratibu wao. Parte Vieja, ndio mji mkongwe wa pale, watu hawakai mezani. Mtu anaingia baa, anaagiza kitafunwa kimoja (pintxo, tamka "pincho"), anakula amesimama, analipa, anahamia baa ya pili. Kama Forodhani tu, ila ndani ya nyumba. Kila baa ina kitu inachosifika nacho, na ndicho unachoagiza. Ukimwona mtu kajaza sahani hapo hapo kwenye baa ya kwanza, huyo mgeni. Vile vilivyopangwa kaunta vinapendeza macho, lakini utamu uko kwenye vya moto, vimeandikwa ubaoni na vinapikwa ukishaagiza.

Fungua na gilda: zeituni, pilipili ndefu za siki na samaki wa chumvi wa ukoo wa dagaa mcheli, vyote kwenye kijiti kimoja. Jina limetoka kwenye filamu ya Rita Hayworth ya 1946.

MamaKachumbari: Mwanangu, nisikilize mimi niliyeumia. Niliuliza "carne?", yaani nyama, nikajibiwa hamna. Kuuma tu, vipande vya jamón, paja la nguruwe la kukaushwa, hivi hapa! Wengi kule ukisema nyama hawafikirii jamón. Kwa hiyo taja kwa jina: "¿Lleva jamón? ¿Lleva cerdo?", yaani ina jamón, ina nguruwe? Kroketi, vile vidonge vya kukaanga, ziogope kuliko zote.

Chako wewe ni bacalao al pil-pil. Samaki wa chumvi kama ng'onda wetu, analowekwa mpaka chumvi itoke, anapikwa kwa mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na pilipili. Hakuna unga, hakuna krimu. Sufuria inatikiswa polepole, ute wa ngozi ya samaki unashikana na mafuta, mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Nilijaribu nyumbani mara tatu, mkono ukaniuma na mafuta yakabaki mafuta. Angalia tu merluza en salsa verde (samaki wa mchuzi wa kijani) na ngisi wa wino wake, mara nyingi hutiwa divai. Uliza.

KijanaWaGati: Kama ni kati ya Januari na Aprili panda basi hadi Astigarraga, hapo karibu tu. Nyumba za sida, pombe ya tufaha! Mtu anapiga kelele "txotx!", wote mnanyanyuka na glasi kwenda kwenye pipa, linachuruzika mnakinga...

BahariaMstaafu: Mkuu, dada kasema hanywi.

KijanaWaGati: Aah, nimesoma kichwa cha habari tu. Basi kuna kimanda cha samaki wa chumvi na steki kubwa ya ng'ombe.

BintiMkunazini: Steki nitawaachia, sijui kachinja nani. Samaki wananitosha. Baa nitashika glasi gani sasa?

MamaKachumbari: Mosto. Juisi ya zabibu isiyo na kilevi, wenyeji wenyewe wanaiagiza, hakuna atakayekushangaa. Na saa uzizoee: chakula cha mchana ni saa nane, cha usiku saa tatu. Ukienda saa kumi na mbili jioni jikoni hakuna mtu.

Usiondoke bila keki ya jibini ya baa ya La Viña, mtaa wa 31 de Agosto. Juu imeungua nyeusi, usidhani wamekosea. Ndani laini kama malai.

BintiMkunazini: Ahsanteni sana. La mwisho: nikila vitatu vinne baa moja, hesabu anaweka nani?

BahariaMstaafu: Baa nyingine wanaandika, nyingine unataja mwenyewe ulichokula na mhudumu anakuamini. Kwa hiyo vijiti vyako usivitupe.

KijanaWaGati: Mimi huwa nasahau kwenye pipa la tatu.

MamaKachumbari: Wewe tulia.