Inboksi ya ofisi imefurika matangazo, barua za maana zinarudi zilikotoka

Ghala la Pili (Nachingwea)

Wakuu, habari za leo. Kuna anwani ya Gmail ya chama cha msingi, ile ya bure, inatumika tangu 2016. Imeandikishwa kila mahali: benki, TRA, chama kikuu, wanunuzi wa ufuta na korosho. Sasa imeandika nafasi imejaa, GB 15 kati ya 15, na wanaotuma orodha za stakabadhi za ghala wanarudishiwa barua zao. Ambazo hazijasomwa ni 14,200, karibu zote matangazo: maduka ya mtandaoni, tovuti za ajira, kubeti, makongamano ya kilimo ya nje, arifa za mitandao ya kijamii.

Je, kubonyeza "Unsubscribe" kunasaidia, au ndiyo unawathibitishia kwamba upo? Na kuna namna ya kufuta kwa mkupuo bila kupoteza risiti? Vifaa ni simu ya Android na laptopu moja kuukuu, intaneti ni ya bando. Kufungua anwani mpya tusiambizane, fomu zote zimeshajazwa hii.

Mwana Mikindani

Mkuu, hapo kuna matatizo mawili. Matangazo yanakera, ila siyo yaliyojaza GB 15. Barua ya tangazo ni maandishi tu. Picha zake hazimo ndani, zinavutwa kutoka seva ya mtangazaji pale unapoifungua. Gmail hukata barua ikizidi KB 102 hivi, kwa hiyo watangazaji wengi hujibana wasifike hapo. Piga hesabu: 14,200 mara KB 100 ni kama GB 1.4. Hata ukizifuta zote leo, GB 13 na ushei bado zipo.

Ziko wapi? Hizo 15 ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja. Fungua one.google.com/storage uone mgawanyo. Mara nyingi mla nafasi ni simu ya ofisi iliyowashiwa kuhifadhi picha, kila video ya foleni ya magunia inapanda Photos. Kuna na chelezo (nakala za akiba) za WhatsApp kwenye Android: zamani hazikuhesabiwa, tangu 2024 zinahesabiwa. Hivyo viwili vikizimwa, na vilivyokwisha kupanda vikafutwa, nafasi inapatikana na barua zinaanza kuingia tena.

Ndani ya Gmail anza na mizigo mizito. Kwenye sehemu ya kutafutia andika:

larger:5M older_than:1y

Zitakuja barua zenye viambatisho vikubwa, za zaidi ya mwaka. Zinazohitajika zipakue kwenye flashi, nyingine futa. Barua 200 za namna hiyo ni GB 1 kamili au zaidi, wakati za matangazo ungehitaji kufuta elfu kumi.

Kuhusu "Unsubscribe": inategemea nani katuma. Duka au kampuni halali, bonyeza bila hofu. Tangu 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua kwa wingi (kwa Google ni 5,000 au zaidi kwa siku) waweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na waitekeleze ndani ya siku mbili. Mara nyingi neno "Unsubscribe" linakaa juu kabisa, pembeni ya jina la mtumaji. Tumia hilo la juu, siyo la chini ya barua. La juu mara nyingi Gmail ndiyo inayopeleka ombi, hufungui tovuti ya mtu. Wa Marekani wana sheria yao ya 2003 inayowapa siku 10 za kazi, kwa hiyo ukijitoa leo na kesho tangazo likaja, usianze upya. Subiri wiki mbili.

Usipoliona juu, shuka chini. Na hapa wengi hukwama: barua ikishakatwa pale kwenye KB 102, mstari wa kujitoa unakuwa upande uliokatwa. Utaona "Message clipped", bonyeza "View entire message" ndipo mstari utokee.

Kijana wa Newala

Mnamchosha bure mzee wa watu. Kuna app za kusafisha inboksi, unaipa ruhusa mara moja inakutoa kote. Dakika tano kazi imekwisha.

fundi_ligula

@Kijana wa Newala hiyo ruhusa unayoitaja ni ya kusoma barua zote. Anwani ya chama ina taarifa za benki na majina ya wakulima na kilo zao. Mwaka 2017 ilifichuka kwamba Unroll.me, moja ya huduma maarufu za kusafisha inboksi, risiti za watumiaji wake zilikuwa zinachambuliwa na kampuni mama na takwimu kuuzwa, Uber akiwa mmoja wa wanunuzi. Majina yaliondolewa, sawa, lakini barua zilisomwa. Kama kuna app ilishawahi kuunganishwa, ingieni myaccount.google.com/permissions muitoe. Kuifuta kwenye simu hakuondoi ruhusa.

Na haihitajiki tena. Gmail imeleta orodha yake mwaka 2025, inaitwa "Manage subscriptions", iko kwenye menyu ya kushoto. Inapanga watumaji kwa wingi wa barua zao, na kila jina lina kitufe cha kujitoa. Ukishughulika na 20 wa juu umeondoa kero kubwa. Kama kwako haijatokea, tafuta category:promotions, utawaona walewale wanaojirudia.

Kufuta kwa mkupuo fanya kwenye laptopu. App ya simu inakushikisha mafungu madogo tu. Andika:

category:promotions older_than:6m -has:attachment -is:starred

Alama ya kutoa inaondoa kundi: barua yenye kiambatisho haiguswi, yenye nyota haiguswi. Kabla ya kufuta, pitia kurasa mbili tatu kwa macho, maana Gmail hukosea na kutupa tiketi au uthibitisho wa malipo kwenye matangazo. Ukiiona, ipe nyota. Kisha weka tiki kwenye kisanduku cha juu kushoto. Hapo umeshika 50 tu, za ukurasa huo. Juu ya orodha unatokea mstari "Select all conversations that match this search". Usipoubonyeza utafuta hamsini hamsini hadi msimu uishe. Ukiubonyeza, futa, thibitisha, subiri. Barua elfu kadhaa zinaweza kuchukua dakika kadhaa, ikigoma katikati rudia. Bando haliliwi sana, kazi inafanyika kwenye seva zao.

Rudia na category:social kwa zile arifa za mitandao. Hizo lakini kujitoa mara moja hakutoshi: mtandao mmoja una orodha nyingi, ya waliokutaja, ya "watu unaoweza kuwafahamu", ya matukio, na kila moja ina mlango wake. Ingia kwenye akaunti yenyewe, mipangilio ya arifa, zima barua pepe zote.

Kuna ushauri wa zamani unazunguka wa kutumia Gmail ile nyepesi ya HTML kwa intaneti dhaifu. Iliondolewa 2024, msiitafute.

Steshenari ya Stendi (Lindi)

Wamesema vizuri, ila hawajagusa upande wa matapeli, na anwani ya zamani namna hiyo lazima inao.

Barua ya kubeti usiyoijua, "umeshinda", "akaunti yako itafungwa": hiyo usibonyeze chochote ndani yake, hata "unsubscribe". Huko ndiko unakowathibitishia kwamba upo. Weka tiki, bonyeza "Report spam", basi. Zikiwa kwenye spamu zinafutika zenyewe baada ya siku 30. Na kujitoa kwa kweli hakuhitaji nenosiri hata siku moja. Ukurasa ukikudai nenosiri la Gmail, funga. Kwenye simu, kandamiza kiungo bila kuachia, utaonyeshwa kinakokwenda. Cha serikali kinaishia .go.tz kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya https://. Hiyo .go.tz ikiwa katikati halafu yanafuata maneno mengine na .com, ni ya mwizi.

Kinyume chake, usiripoti spamu barua za mtu halali eti kwa uvivu wa kujitoa. Gmail inajifunza kutoka kwako. Ukiripoti matangazo ya benki yako, siku moja taarifa yao ya maana nayo itaangukia huko.

Kundi la tatu ni la hapahapa kwetu: wauza viuatilifu, watoa semina, wauza mizani. Wanatuma kutoka Gmail ya kawaida, wameweka watu 80 kwenye Bcc (nakala ya siri). Hakuna kitufe chochote hapo. Jibu mstari mmoja: "Naomba mniondoe kwenye orodha yenu." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kukataa taarifa zako kutumika kwa matangazo, na mlalamikiwa hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kulitaja jina la sheria huwa kunatosha.

Wasiosikia wawekee kichujio. Kwenye laptopu fungua barua yao, vidoti vitatu, "Filter messages like these", "Create filter", kisha tiki "Delete it". Hakikisha pale kwenye "From" pana anwani nzima. Mtu akiandika "gmail.com" peke yake, barua za wakulima wote wenye Gmail zitakwenda tupio kimyakimya na hakuna atakayejua kwa nini.

Kwa fomu mpya, andika anwani ikiwa na alama ya kujumlisha kabla ya @, mfano jinalachama+zabuni@gmail.com. Barua inafika inboksi ileile, lakini ikianza kuletewa takataka unajua ni nani aliyeigawa. Baadhi ya fomu zinakataa alama hiyo. Kwa fomu za serikali tumia ya kawaida.

Ghala la Pili (Nachingwea)

Shukrani sana. Photos ilikuwa GB 9.6, imezimwa, na video zote zimefutwa. Matangazo 11,000 nayo yamefutwa. Mbona bado inasoma GB 14.8?

fundi_ligula

Tupio hujamwaga, mkuu. Kila ulichofuta kinakaa "Trash" siku 30, kwenye simu nyingine imeandikwa "Bin", na muda wote huo kinahesabiwa. Gmail bonyeza "Empty Trash now". Photos ina tupio lake tofauti, ya huko hukaa siku 60, na Drive nalo lina lake. Mwaga yote matatu, halafu iache hadi kesho asubuhi ndiyo usome namba, haibadiliki papo hapo. Waliorudishiwa barua waambie watume upya, zile za mwanzo hazitakuja zenyewe.