Nataka kumchora mjusi wa Tendaguru chumbani kwa mtoto, ukuta unanigomea

Baba Kijacho (Mtanda, Lindi)

Wakuu habari za jioni.

Mke wangu ana miezi saba, mtoto wetu wa kwanza. Nyumba tunayokaa ni ya marehemu baba, vyumba vitatu, tofali za saruji. Ilijengwa enzi zile mchanga ukichotwa popote panapochoteka, na mimi nashuku mwingi ulitoka ufukweni. Chumba kidogo cha nyuma kilikuwa stoo ya magunia ya korosho na baiskeli mbovu. Nimeshatoa vyote, nataka kiwe cha mtoto.

Nilimwita fundi wa kuchora. Akanifungulia simu: panya wa katuni mwenye glavu, binti mfalme kwenye theluji (theluji, Lindi!) na gari jekundu lenye macho. Nikamuuliza, twiga unaweza? Akasema twiga bei yake nyingine. Nikampa nauli akaenda zake.

Nitachora mwenyewe. Nafundisha Jiografia sekondari, na ramani za ukutani pale shuleni nyingi ni mkono wangu. Ninachotaka ni yule mjusi wetu wa Tendaguru, yaani dinosaria. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba mifupa ya mnyama mrefu kama mnazi ilichimbwa kilomita kama 60 kutoka mjini kwetu, leo imesimama Berlin, na kila mwaka kuna mmoja nyuma anacheka akidhani natunga. Huyu wangu nataka akue akimwona.

Sasa shida. Ukuta niliouchagua umepakana na bafu la nje. Rangi imevimba mapovu kama ngozi iliyorukiwa na mafuta ya moto. Ukibonyeza kwa kidole inapasuka, na nyuma yake kuna unga mweupe laini kama wa muhogo. Niliuonja, ni chumvi. Kaka yangu aliupiga rangi ya mafuta mwaka juzi "kuziba", haikumaliza miezi minne. Chini ya hiyo kuna rangi nyingine ya mafuta, ya bluu, aliyoipaka mzee miaka ya 80.

Pili, shelfu. Nilitoboa kujaribu, drili ikaingia kama kwenye andazi. Nikapachika kile kiplastiki cha kushikia skrubu, nikakivuta kwa vidole viwili, kikatoka na kiganja cha mchanga. Shelfu zitashikwa na nini hapo? Na rangi gani nitumie mtoto asidhurike?

FundiChokaa (Mikindani)

Njomba, weka brashi chini. Huo ukuta una maji, na hakuna rangi inayotibu maji. Na usionje tena ukuta wenye rangi ya miaka ya 80, nitakuja kwenye hilo.

Chumvi imo ndani ya mchanga wenu. Ikiwa kavu imelala tu, haina neno. Maji yakipanda kutoka kwenye msingi au yakipenya kutoka bafuni yanaiyeyusha na kutembea nayo mpaka usoni mwa ukuta. Pale maji yanakauka, chumvi inabaki, inaganda na kusukuma rangi. Kaka yako alipopiga rangi ya mafuta alifunga mlango na maji yako ndani.

Hakikisha kwanza. Kata nailoni nusu mita kwa nusu mita, ibandike pande zote nne hewa isipite, iache siku mbili. Umande ukikaa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani. Ukikaa upande wako, ni unyevu wa chumba, fungua madirisha. Fanya hivyo kwenye kuta zote nne, si huo mmoja tu.

Halafu toka nje ukaangalie. Naweka dau udongo umepanda juu ya msingi. Nyumba nyingi za umri huo ndivyo zilivyo, watu wanafagia uwanja miaka thelathini taka zinajikusanya ukutani. Chimba mpaka uwanja uwe chini ya sakafu ya ndani, shubiri nzima. Maji ya bafu yatafutie njia yake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuchora ni starehe.

Rangi ya mzee: rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, ile madini. Usiipige msasa mkavu hata kidogo. Lowesha kidogo kwa chupa ya kupulizia, kwangua, maganda yaangukie kwenye nailoni, funga utupe mbali na kuku na watoto. Vaa barakoa. Shemeji asikanyage humo mpaka upige deki mara mbili. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mwenye mimba anampitishia aliyemo tumboni.

Rangi ikiisha, bandua plasta iliyooza mpaka uone tofali, upite nusu mita juu ya pale chumvi ilipoishia. Hapo sasa usitie maji tena, piga brashi kavu. Ukiosha, chumvi inarudi ndani kukusubiri. Acha wiki nne madirisha wazi, maadamu mvua bado. Ukirudishia plasta tumia mchanga wa mto na chokaa ya kutosha, saruji iwe kidogo. Huku kwetu Mikindani kuta za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, bahari iko mlangoni, na zimesimama. Boma la Wajerumani ni la mwaka 1895. Chokaa inaacha ukuta upumue. Juu yake paka chokaa tena, na mjusi wako umchore kwa rangi ya maji isiyong'aa. Ukitamani kumng'arisha kwa vanishi, jizuie.

Mama wa Watatu (Shangani, Mtwara)

Mwalimu, hongereni. Mimi naingia kwenye shelfu tu, za ukuta umeshajibiwa na mwenye kazi yake.

Shelfu isikae juu ya kitanda cha mtoto. Baba watoto alitundika moja nzuri sana, vyuma viwili vya kona, skrubu ndefu, akaipigia na pima maji. Ilikaa miezi mitano. Siku hiyo nimemnyanyua wa pili kumpeleka kuoga, niko mlangoni, nikasikia mchanga unamwagika, shhh, kama mtu anapepeta mchele. Nikageuka, shelfu iko kitandani. Kopo la maziwa lililojaa lilikuwa limezama kwenye godoro pale pale penye mto. Sikulia, nilikaa chini.

Kuanzia siku hiyo seremala wetu alitutengenezea namna nyingine, na kwa ukuta wako wa andazi ndiyo hiyo hiyo. Nguzo mbili za mbao zinasimama sakafuni, shelfu zinaingia katikati yake kama ngazi. Uzito wote uko chini. Juu kabisa nguzo zinafungwa kwa bolti kwenye linta, maana linta ni zege na nondo, haibomoki kama tofali. Bolti hazibebi kitu, zinazuia tu isianguke mbele mtoto akipanda. Na atapanda. Ya kwanza weka usawa wa goti lako na vitu vyake vyote vikae hapo, akipata anachotaka chini hana sababu ya kupanda. Dawa, mafuta, pini, juu.

Mbao ziwe mkongo au mninga. Zile za paini zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ya mchwa, usizilete chumbani kwa mtoto. Wa tatu wangu alitafuna ukingo wa shelfu kuanzia kona mpaka kona kama panya buku.

Na chandarua umekifikiria? Kikishushwa kinafunika ukuta wa kichwani. Ukichora kichwa cha mjusi hapo utakuwa unakiona mchana tu. Mchore ukuta wa mbele yake.

Somo wa Ng'apa

Mtoto hajazaliwa mnamgombania ukuta. Kwetu chumba cha mtoto ni mgongo wa mama yake. Na mjusi! Mtu anakaa anafukuza mijusi kwa ufagio, wewe unaleta mwingine kwa brashi. Tuombeeni uzima kwanza.

Baba Kijacho

Shikamoo Somo. Kulala atalala chumbani kwetu, hilo hata kliniki wamesema. Chumba ni cha kubadilishia nepi, kuweka nguo na cha bibi yake atakapokuja kutoka Nachingwea. Nguo nimenunua tatu tu, mama alinikataza kununua zaidi kabla hajazaliwa.

Mama wa Watatu

Hapo Somo kasema kweli. Mimi niliambiwa wa kwangu alale karibu nami walau miezi sita, kitanda chake pembeni. Na mwalimu ujue, mtoto mchanga anaona vizuri sentimita 20 hadi 30 tu, ni uso wa anayemnyonyesha basi. Mwaka wa kwanza mjusi ni wako.

Mpwa wa Mchinga

Mwalimu wangu, mie nimekuja kwa ajili ya mjusi.

Ukuta wako una kimo gani? Yule wa Berlin aliyesimamishwa mwaka 1937 anapita mita 13 kwenda juu. Ukimwingiza kwenye ukuta wa mita mbili na nusu anakuwa twiga aliyenenepa, na mtoto hatajua ukubwa wake. Tafuta cha kulinganishia. Au chora aina nyingine, Tendaguru haikutoa mmoja. Yupo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni mpaka mkiani, mita nne na nusu hivi. Yupo na Dysalotosaurus, mwepesi, mla majani, kama mita mbili na nusu. Huyo anaingia ukutani kwa ukubwa wake halisi, mkia hadi pua.

Ila ukimtaka yule mkubwa, basi weka watu. Uchimbaji wa 1909 hadi 1913 tunatajiwa Wajerumani Janensch na Hennig, mifupa ikabebwa na nani? Wazee wetu, kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 mjusi mmoja wa kule kapewa jina lake, Australodocus bohetii. Chora mstari wa wapagazi chini kabisa, kila mmoja na mzigo wake, warefu kama kidole. Mtoto anayetambaa atakutana nao kwanza, kabla hajainua kichwa kuona walichobeba kilikuwa cha nani.

Kuhamisha mchoro kwenye ukuta, wewe mtu wa ramani unajua: piga miraba kwenye karatasi, piga miraba ukutani kwa chaki na uzi. Mkaa usitumie, unachafua rangi.

Baba Kijacho

Narudi na majibu.

Nailoni: ukuta wa bafuni umande mtupu upande wa ndani, umepanda sentimita 70. Kuta tatu nyingine kavu kabisa. FundiChokaa, dau umeshinda. Udongo ulikuwa juu ya msingi sentimita 22, nimepima kwa rula ya darasani, na mfereji wa bafu umezibwa na maganda ya korosho ya miaka sijui mingapi. Nimechimba Jumamosi mbili, mikono ina malengelenge na wanafunzi wameniuliza kama nimeanza kulima.

Ukuta huo nimeshaukwangua kwa maji kama ulivyosema, mke akiwa kwa dada yake siku tatu. Utabaki tofali tupu hadi Oktoba, kisha chokaa nyeupe bila mchoro wowote mwaka mzima, nione kama umetulia. Mjusi amehamia ukuta wa mkabala, mkavu, usiofunikwa na chandarua. Nguzo za shelfu seremala anakata mkongo wiki hii.

Mpwa, wapagazi nimeshawachora kwenye karatasi, thelathini na mmoja. Mmoja amekaa chini anatoa mwiba mguuni.

Mke kakubali mjusi mkubwa kwa sharti moja, asiwe na meno. Nikamweleza alikuwa mla majani. Akasema hata ng'ombe ana meno. Kwa hiyo atafunga mdomo.